Mkono Ulioshika Upepeo: Matabaka na Maisha ya Kila Siku katika Fasihi ya Waswahili wa Kale

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuisoma Al-Inkishafi kama wasia wa mtu kwa moyo wake mwenyewe, na mazoea hayo hayana kasoro. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, fahari ya Pate ikiwa imekwisha kuporomoka, na shabaha yake ilikuwa kuuonya moyo usihadaike na dunia. Ndipo anapouonyesha moyo huo majumba: taa zilizofanya usiku uwe kama mchana, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika vidaka, mabwana waliotembea kwa maringo huku wamezungukwa na askari. Kisha anayageuza majumba hayohayo kuwa magofu, na hapo ndipo nguvu ya utenzi ilipo. Popo wananing'inia, buibui wametanda, bundi anakoroma mahali palipokuwa na heshima.

Lakini baina ya fahari na gofu mna ubeti mmoja ambao wahakiki wengi huupita upesi. Mshairi anatuambia jinsi mabwana wale walivyolala. Walikuwako watu wa kuwakanda viungo, watu wa kuwapepea, na wanawake waliopambwa wa kuwaimbia bila kunyamaza. Katika semina moja ya uzamili, tulipokuwa tukiujadili ubeti huu kwa minajili ya taswira zake, mwanafunzi mmoja ambaye hakuwa msemaji sana aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hawa waliopepea walikwenda wapi?" Wenzake walicheka, nami nikawaacha wacheke kwanza, kwa maana swali lilikuwa la haki na lilihitaji nafasi. Utenzi unatueleza kwa kina mabwana walikokwenda: kaburini, kwenye mchanga, kwa wadudu. Nyumba zao nazo tunaelezwa zilivyorithiwa na ndege na mende. Kuhusu mkono ulioshika upepeo, utenzi umenyamaza.

Insha hii ni jaribio la kulifuata swali hilo. Si makala ya nadharia, na msomaji anayetafuta muhtasari wa tahakiki ya Kimarx hataupata hapa. Katika miaka ya 1970 na 1980, na hata baadaye, tulikuwa na mtindo wa kuliingia kila shairi tukiwa tumebeba mizani ya wanyonyaji na wanyonge, na mara nyingi hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ubeti wa kwanza haujasomwa. Ninalolipendekeza ni dogo zaidi na, yamkini, gumu zaidi: kuisoma kazi ya fasihi kwa kuitazama mikono iliyomo ndani yake. Nani anachota maji? Nani anapika? Mkate unaoliwa ni wa unga gani?

Inafaa kwanza kubainisha kipindi. Wanafunzi wetu husikia habari za Renesansi, yaani Mwamko wa Ulaya, kama jambo lililotukia mbali nao, ilhali karne hizohizo za 14, 15 na 16 ndizo zilizoishuhudia miji ya mawe ya pwani yetu ikistawi. Wakati mabenki ya Florence yakikopesha wafalme, Kilwa ilikuwa ikiuza dhahabu iliyopitia Sofala, na Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta mji uliokuwa na uhusiano wa muda mrefu na Uarabuni na Bara Hindi. Ni kweli kwamba Al-Inkishafi ni ya baadaye, na Pate ilipanda chati wakati Kilwa imekwisha kushuka. Lakini maisha inayoyakumbuka, ya nyumba za matumbawe zenye vidaka vilivyojazwa kaure ya Uchina, yalipata umbo lake katika karne zile. Mshairi wa Pate anaomboleza mtindo wa maisha uliokuwa mkongwe kuliko yeye kwa miaka 300 au zaidi.

Mlinganisho na Ulaya una faida moja hasa, nayo ni kutuonyesha tulichokikosa. Mjini Florence mwaka 1378 wafanyakazi wa sufu, waliojulikana kwa jina la Ciompi, waliasi wakidai haki ya kuwa na vyama vyao na sauti katika utawala wa mji. Mwaka 1427 serikali ya mji huo ilianza kuandikisha mali ya kila kaya kwa ajili ya kodi, mjini na mashambani, na daftari zake, ziitwazo catasto, zina kaya zipatazo 60,000. Humo yumo mjane, yumo mshona viatu, yumo mfumaji, kila mmoja na mali yake na madeni yake. Ni kwa msaada wa daftari hizo wanahistoria walipoweza kutuonyesha kuwa asilimia 1 ya kaya za Florence, zile zilizokuwa tajiri zaidi, zilimiliki zaidi ya robo ya mali yote ya mji. Mtoza kodi hapendwi popote, lakini katika suala hili amemsaidia maskini kuliko mshairi.

Sisi hatuna daftari la namna hiyo. Tuna magofu, tuna masimulizi ya wageni, na tuna tungo, na vyote vitatu vina upendeleo wake.

Chukua Gedi, kusini mwa Malindi. Mji huu ulistawi hasa katika karne ya 15 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman aliufukua kati ya mwaka 1948 na 1958, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Anayeutembelea ataongozwa kupita Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Majina haya yametokana na vitu vilivyookotwa humo wakati wa kufukua. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwa sababu mwanaakiolojia hana budi kukiita kitu kwa jina fulani. Hata hivyo, mtu akiyasikiliza majina hayo kwa sikio la mhakiki, atagundua kwamba kila nyumba imeitwa kwa mali ya bwana wake na wala hakuna iliyoitwa kwa kazi iliyofanywa humo, ingawa vyoo vilivyochimbwa kwa ustadi na visima vyenye kina bado vinaonekana, navyo havikujichimba. Mji ulikuwa na kuta mbili. Ndani ya ukuta wa kati yalikuwamo majumba ya mawe na jumba la mtawala, na baina ya ukuta huo na ule wa nje waliishi watu wengine, katika nyumba za fito, udongo na makuti. Nyumba hizo hazikuacha gofu, kwani udongo hurudi ardhini.

Katika miaka ya karibuni wanaakiolojia wamelitambua pengo hili. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walipofanya uchunguzi Songo Mnara karibu na Kilwa, hawakutosheka na vyumba vya mawe. Walivichunguza pia viwanja vilivyo wazi baina ya nyumba, wakakuta alama za nyumba za udongo mahali ambapo jicho linaona nyasi tu. Mhakiki wa fasihi ana la kujifunza hapa. Uwanja ulio wazi katika ubeti huenda ulikuwa na watu.

Wageni nao waliona kile walichokuja kukitafuta. Mwaka 1505 kikosi cha Wareno chini ya Francisco de Almeida kiliivamia Kilwa, kisha Mombasa, na masimulizi ya safari hiyo yanayonasibishwa na Hans Mayr yanaeleza mali iliyotekwa kwa undani wa kutia kichefuchefu. Lakini kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, masimulizi hayo yanatwambia kuwa Kilwa ilikuwa na watumwa waliolima mashamba, na kwamba huko Mombasa, baina ya majumba ya mawe, zilikuwamo nyumba za mbao zilizoezekwa kwa makuti. Moto ulipowashwa ulishika makuti hayo. Ikiwa tunajua lolote kuhusu paa la maskini wa Mombasa katika mwaka ule, tunalijua kwa sababu liliungua.

Ushanga wa Venice ulioangushwa Gedi hunifanya nimkumbuke Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya wafanyabiashara wa mji huo ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, naye akaiita Mabepari wa Venisi. Uteuzi huo wa neno umejadiliwa sana, na si haja yangu kuuchokoza tena, ila nataka kuelekeza macho kwenye kipengele kimoja cha onyesho la mahakamani. Shylock, akibanwa aonyeshe huruma, anawakumbusha mabwana wa mji kuwa wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, kwamba wanawatumikisha kama punda na mbwa, na kwamba mtu akiwaambia wawaache huru au wawaoze watoto wao, watajibu kuwa watumwa ni mali yao. Hakuna anayemjibu. Mahakama inaendelea na shughuli zake kana kwamba hoja haikutolewa. Watumwa hao hawaingii jukwaani hata mara moja. Wametajwa na mtu anayetaka kuutetea ukatili wake, kisha wametoweka. Hata hivyo wametajwa, na kimya cha mabwana kimekuwa jibu. Renesansi ya Italia, ambayo picha zake hupamba kalenda, ilikuwa na watumwa jikoni. Mji wa Florence uliruhusu rasmi mwaka 1363 waletwe kutoka nje. Muungwana wa Gedi na bwana wa Venice, ambao huenda hawakuwahi kuonana, waliunganishwa na ushanga mmoja na pia na aina moja ya ukimya.

Sasa nirejee kwenye tungo zetu, maana sipendi msomaji adhani kuwa fasihi ya Kiswahili haikuwa na jicho kwa watu hawa. Ilikuwa nalo, ila mara nyingi mahali tusipopatazama. Mfano bora kabisa ni kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa alikiweka katika utenzi mwaka 1913, lakini ambacho ni cha kale mno. Wataalamu wanabishana juu ya karne yake, nami nawaachia.

Msomaji atakumbuka kwamba Liyongo amefungwa, na mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Kila chakula kizuri kinapofika mlangoni, walinzi wanakila. Ndipo Liyongo anapomtuma Saada kwa mama yake na maneno ya kishairi: ufanywe mkate wa wishwa, na ndani yake mtiwe tupa. Walinzi wanauona mkate wa makapi, wanaudharau, wanauacha upite. Liyongo anaipata tupa, na wakati watu wanacheza gungu nje kwa kelele za pembe na ngoma, anakata minyororo.

Tumezoea kulifundisha tukio hili kama mfano wa werevu wa shujaa. Lakini hebu tulitazame kama tukio la chakula. Hila yote ya Liyongo imesimama juu ya ujuzi mmoja wa kila siku, kwamba katika mji ule kila mtu alijua mkate upi ni wa nani. Mkate mweupe ulikuwa wa muungwana. Wa wishwa ulikuwa wa mtumwa, au wa mnyama. Ujuzi huo haukuandikwa mahali popote kwa sababu haukuhitaji kuandikwa. Zaidi ya hayo, walinzi wenyewe hawakuwa mabwana. Walikuwa watu wa kutumwa, waliosimama mlangoni mchana kutwa wakila cha mwenzao, na yamkini nyumbani kwao wishwa haikuwa kitu kigeni. Kwa nini basi waliudharau mkate ule? Ni kwa sababu siku zile chache za kula chakula cha kiungwana ziliwapa ladha ya tabaka lisilo lao, nao hawakutaka kukumbushwa la kwao. Liyongo hakuihesabia njaa yao. Aliyoihesabia ni aibu yao. Sioni tungo nyingine ya kale inayolifahamu tabaka kwa undani kama huu, tena bila kulihubiri.

Pana jambo la pili. Maneno ya Liyongo yalikuwa siri, na hayakuandikwa kwenye karatasi. Yalitiwa katika kumbukumbu ya Saada. Aliyasikia mara moja mlangoni, mbele ya walinzi, akayabeba kichwani hadi kwa mama bila kuyapotosha, na lau angepotosha neno moja, hadithi ingekwisha. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunajua kazi ya namna hiyo inaitwaje na anayeifanya anaitwaje. Tunawataja watunzi, tunawataja waliohifadhi miswada, tunawataja wahariri kama William Hichens, aliyeichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939. Katika orodha ya waliobeba ushairi wa Kiswahili kutoka mtu hadi mtu, kijakazi huyu anastahili kutajwa mapema. Na ajabu ni kwamba, tofauti na wapepezi wa Pate, yeye ana jina.

Upepeo wenyewe unajitokeza tena katika utenzi wa mwaka 1858, ule Mwana Kupona alioutunga kwa ajili ya binti yake. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, basi hapana shaka juu ya tabaka lake. Anamuusia binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Mpaka umewekwa wazi, na wahakiki wengi wameunukuu kwa hasira au kwa kumtetea. Lakini katika utenzi huohuo, anapoeleza namna ya kumtunza mume anapolala, anamwambia binti asimsumbue, ampapase, na ahakikishe kuwa mume hakosi mtu wa kumpepea.

Mtu gani? Utenzi hausemi, na nadhani utata huo una maana. Katika majumba ya Al-Inkishafi upepeo umo mkononi mwa watumishi, na mabwana wamelala. Hapa mwanamke wa kiungwana amesogea karibu sana na mahali pa mtumishi. Anakanda kwa mkono wake mwenyewe, na upepeo huenda akaushika yeye, huenda akamwita kijakazi. Mpaka ule uliochorwa baina yake na watumwa beti chache mbali unatetemeka mbele ya kitanda. Sisemi kwamba Mwana Kupona aliukusudia mtetemeko huo. Nasema kwamba shughuli za kila siku zina tabia ya kuusaliti utaratibu wa matabaka uliotangazwa rasmi, na ndiyo sababu napendelea kuzitazama. Hotuba husema muungwana ni nani na mtumwa ni nani. Upepeo unahitaji tu mkono.

Ninayaandika haya nikiwa Sachangwan, mbali na bahari, juu ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, mahali pa ukungu, viazi na pareto. Msomaji ana haki ya kuuliza mtu wa huku ana uhusiano gani na vidaka vya Pate. Uhusiano wangu ni wa lugha, na haukuanzia darasani.

Lugha ambayo nimeisoma hadi shahada ya uzamifu ilifika kwetu kupitia jikoni. Mashamba haya yalikuwa ya masetla, na chini ya sheria ya mwaka 1918 skwota aliyeishi humo na familia yake alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Masetla na wafanyakazi wao walizungumza ile lahaja iliyoitwa Kisetla, ambayo wanaisimu wameieleza kama Kiswahili kilichopukutika viambishi. Nyanya yangu alifanya kazi ya jikoni katika nyumba moja ya setla tangu miaka ya 1940, na Kiswahili alichonifundisha, bila kujua kuwa ananifundisha, kilikuwa cha amri: lete, fagia, ondoa, funga mlango, maji moto upesi. Miaka mingi baadaye, nikifundisha mofolojia ya kitenzi, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba kitenzi cha amri katika umoja hakichukui kiambishi cha nafsi. Ni kanuni ya kawaida iliyomo katika kila kitabu cha sarufi. Lakini kwa mtoto aliyejifunza lugha kwa njia ile, kanuni hiyo ina uzito wake. Katika "lete" mtendaji hatajwi. Kazi ipo, mtu hayupo. Na katika neno kama "mpepezi" mtu yupo, ila amefanywa kuwa kazi yake tu. Kwa hiyo nilipoanza kuisoma Al-Inkishafi, na kuambiwa kuwa ule ndio Kiswahili kilichotukuka, sikuingia katika majumba yale kwa mlango wa daka pamoja na wageni. Niliingia nikiwatafuta watu wa jikoni, kwa sababu hao ndio walionipa lugha.

Nyanya alikuwa na elimu ya mkate ambayo Liyongo angeiheshimu. Alijua unga upi ni wa meza kuu na posho ipi ni ya watu wa laini. Alijua pia kwamba maganda yaliyokatwa kwenye mkate wa bibi wa nyumba yalihesabiwa, na akajua namna ya kuyafanya yasihesabike. Aliyasimulia hayo bila uchungu na bila kujigamba, kama fundi anayeeleza ufundi wake.

Si mambo ya kale tu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta ya petroli lilipinduka hapa Sachangwan. Watu walitoka vijijini na wengine wakashuka katika magari yaliyokuwa yakipita, wakaja na madumu, ndoo na sufuria. Moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100, na wengi wao hawakuweza kutambuliwa. Nchi nzima iliomboleza, na ilikuwa maombolezo ya kweli. Lakini katika mazungumzo yaliyofuata, hotelini, ndani ya matatu, hata katika ukumbi wa walimu, niliwasikia wakiitwa kwa jina moja: wachotaji mafuta. Baadhi yao walikuwa wazazi wa watoto niliosoma nao shule ya msingi. Walikuwa wakulima wa viazi, vibarua, wanafunzi, kina mama waliokuwa njiani kutoka sokoni, na kuchota mafuta ni jambo walilolifanya kwa muda mfupi wa siku moja. Mwisho wao ukawa ndio jina lao. Ninapomwona mshairi wa Pate akiwataja watu kwa tendo la mkono kisha akageuza uso, siwezi kusema kuwa hayo ni makosa ya zama za utumwa zilizokwisha pita. Lugha yetu bado ina mlango huo, na tunaupitia kila siku.

Swali la mwanafunzi lilikuwa waliopepea walikwenda wapi. Kwa Pate, sijui mhakiki awezaye kulijibu kwa kutumia utenzi peke yake. Kwa nyumba ile ya setla ninalijua jibu, kwa kuwa nimelala ndani yake. Mwenye shamba aliondoka baada ya uhuru. Shamba likanunuliwa na watu waliochanga hisa, wengi wao wakiwa walewale waliokuwa wakikaa katika nyumba za laini, na kwa miaka kadhaa familia nne ziligawana vyumba. Baadaye ikawa ghala. Pareto ilitandazwa sebuleni ikauke. Mahali pa kuotea moto palikuwa na vifaranga, na bafu la chuma lilihifadhi mbegu za viazi. Wageni waliopita walisikitika kuiona nyumba nzuri namna ile imeharibika, nami kila nikiwasikia nilikumbuka bundi na popo wa Sayyid Abdalla. Anachokiita gofu ni nyumba ambayo mabwana wake hawamo tena. Hakuna ubeti unaotwambia kama katika vidaka vile, kabla ya popo, hapakuwahi kulazwa kuku wa mtu aliyekuwa akizifuta sahani zake.

Nyanya yangu alikuwa na hisa katika shamba lile, na chumba chake kilikuwa upande wa mbele, penye baraza na dirisha linalotazama bonde. Hadi alipofariki aliingia nyumbani humo kwa mlango wa jikoni, akizunguka nyumba nzima, hata wakati wa mvua. Siku moja nilimwuliza sababu.

"Ule wa mbele unabana, mjukuu wangu," alisema.